Roho Moja Tu

Mkono ulinyooka siku ya tisa, saa kumi na dakika tano jioni, na Mama Mwinjilisti nusura ameze kipaza sauti.

"Nimeona mkono! Fundi, umeuona?"

Fundi umeme, aliyeletwa safari hii kama mpiga kinanda, mbeba mizigo na shahidi, alipanda juu ya kiti. "Nimeuona, Mama. Ni yule mzee wa kondoo!"

Walikuwa wamepanda ndege mbili na basi moja kuja kuhubiri siku kumi katika kijiji hiki cha ugenini, chenye kanisa la mawe na baridi ya kung'oa masikio. Kila alasiri walikuja mabibi wachache, walewale, wakakaa safu ya nyuma wakifuma sweta. Hawakubisha, hawakukubali, walifuma tu. Kufikia siku ya saba sweta mbili zilikuwa zimeshapata mikono. Mama Mwinjilisti hakuwa amepata hata mmoja.

Na kule nyumbani kulikuwa na wifi yake.

Wifi huyo aliitamani safari hii mpaka ikamkosesha usingizi. Siku ya kuwaaga alisema mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maegesho: "Haya, nendeni mkapige picha na baridi. Lakini ukirudi bila hata roho moja, wifi yangu, uenyekiti wa kamati ya injili unanipisha."

"Nakupisha!" Mama Mwinjilisti alijibu. Mdomo huo, jamani.

Kwa hiyo ule mkono haukuwa mkono tu. Ulikuwa kiti chake.

Mzee mwenyewe walimjua tangu siku ya kwanza. Aliwapokea kituo cha basi akiwa na buti za mpira zenye matope hadi magotini, na mwanakondoo kwapani. Mkalimani, nesi mstaafu wa palepale kijijini aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu, ndiye aliyemtambulisha.

"Huyu anachunga hapa. Miaka thelathini na miwili."

"Masikini! Bado anao wengi?"

Mkalimani alimuuliza. Mzee akashusha pumzi.

"Anasema zamani walijaa. Sasa wamebaki wanane. Wengine walikufa, wengine walikwenda mjini."

"Mjini, yaani buchani," Fundi alimnong'oneza Mama, na wote wawili wakamtazama yule mwanakondoo kwa huruma.

Tangu hapo mzee ndiye aliyewafungulia mlango, akawapangia viti, akawawashia jiko la kuni ukumbini. Mama Mwinjilisti alimpenda bure. Hasira zake alimwekea mtu mwingine.

"Mzee wa watu anahangaika na sisi hivi, halafu mchungaji wa kanisa hili hata kuja kutupa mkono hakuna? Siku tisa, Fundi! Nikimwona nampa vidonge vyake."

"Labda naye kaenda mjini, Mama."

Asubuhi ya siku ya kumi waliteremka mtoni kubatiza. Mkalimani alimvuta Mama pembeni.

"Mama, una hakika? Yeye?"

"Kwani mwenye matope hana roho, Dada?"

"Anayo, anayo. Ila mimi nilidhani…"

"Usidhani. Muulize kama anataka kuanza upya na Bwana."

Mzee alijibu maneno mengi, machozi yakimlengalenga.

"Anasema anataka sana," alisema mkalimani. "Anasema hajaulizwa hivyo siku nyingi."

Wakaingia majini. Maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba Fundi alitaja jina la mama yake mzazi. Akateleza. Mzee akamdaka ukosi, akamsimamisha kama anayesimamisha kigingi. Mama Mwinjilisti akainua mkono, akafungua kinywa, meno yakagongana kama vikombe kwenye trei, na maneno yote yakamruka. Mzee akasema kitu polepole.

"Anakukumbusha," mkalimani alipaza sauti kutoka ukingoni. "'Kwa jina la Baba, na la Mwana…'"

"Umeona alivyoshika haraka!" Mama alimwambia Fundi. "Mahubiri ya siku tisa tu!"

Wakamzamisha, wakamwibua. Mabibi ukingoni walitupa sweta chini wakapiga makofi, mmoja akalia kwa kwikwi, mwingine akacheka mpaka akakaa. Fundi akapiga picha, ikatumwa nyumbani papo hapo.

Simu ikaita kabla hawajajifuta. Wifi.

"Huyo babu mmemwogesha tu, mimi sidanganyiki! Leta cheti cha ubatizo. Na kiwe na saini ya mchungaji wa huko huko, si mikwaruzo yako wewe na Fundi."

Simu ikakatwa. Mama Mwinjilisti akakaa juu ya jiwe la ukingoni, bado analowa maji.

"Basi linaondoka saa nane," alisema. "Mtu hatujamwona siku kumi, leo tutamtoa wapi? Dada, mweleze mzee. Mwambie samahani, ubatizo wake umekaa vizuri mbinguni, ila hapa duniani umekwama."

Mkalimani akaeleza. Mzee akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaondoka huku maji yakichuruzika kwenye suruali. Akapita mlango wa nyuma wa kanisa. Akarudi na karatasi nene yenye muhuri, na kalamu.

"Hiki ndicho cheti," alisema mkalimani. "Kina mistari miwili tu. Wa juu ni wa aliyebatizwa. Wa chini ni wa mchungaji wa kanisa."

Mzee aliiweka karatasi juu ya mgongo wa Fundi, akaandika jina lake kwenye mstari wa juu, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Mama Mwinjilisti akanyoosha mkono apokee kalamu.

Mzee hakumpa. Aliteremka mstari wa chini, akaandika jina lilelile.