Dakika Ishirini za Skrini

Mdomo wa Kendrell ulibaki wazi dakika tatu nzima, na Bibi Ozella hakujua kama mjukuu wake anapiga miayo au ndiyo anaanza kulisema lile jambo.

"Umeganda," aliiambia skrini. "Haya, ganda vizuri basi nikutazame. Nani kakunyoa hivyo?"

Picha ikashtuka, mdomo ukajifumba.

"Jamaa mmoja, anaitwa Dooley."

"Alitumia nini, kijiko?"

Kendrell akacheka kidogo. Ndicho alichokuwa anakitafuta Bibi Ozella. Kijana huyu akicheka hulainika, na leo alimtaka laini: alikuwa na dakika ishirini za kumfanya aahidi kwamba hatafungua mdomo mbele ya mpelelezi. Ishirini, na tatu zilikuwa zimekwisha kwa kuganda. Kampuni ya simu huzihesabu hizo pia.

Zamani palikuwa na kioo. Miezi kumi na minne iliyopita, walipoanza kuonana humu katika gereza la kaunti, mtu aliweka kiganja upande huu, mwenzake akaweka upande ule, na kioo kikapata joto. Kisha kampuni ya simu ikaja na skrini zake za bure. Ikaomba jambo moja tu kwenye mkataba: dirisha lizibwe kwa matofali. Madiwani wakasaini, wakapiga picha, wakaita maendeleo. Sasa Kendrell alikuwa ghorofa ya chini, jengo lilelile, hatua arobaini kama milango ingekuwa na huruma, lakini sura yake ilitembezwa kwanza kwenye mitambo ya jimbo jingine ndipo ifike kwa bibi yake.

"Unakula?"

"Nakula. Maharage."

"Na jana?"

"Maharage."

"Mboga je?"

"Hakuna anayejua kuipika, Bibi. Inatoka kama kamba."

"Meza hivyohivyo. Wakili anasemaje?"

"Kesi imesogezwa tena. Mtaalamu wa kampuni yuko safarini."

"Mtaalamu wa nukta," alisema Bibi Ozella.

Nukta ndiyo iliyoanzisha yote. Mtu aligongwa na gari kando ya barabara ya mtoni, dereva akakimbia, na polisi wakaiomba kampuni ya simu orodha ya namba zote zilizokuwa karibu saa ile. Mnara wa simu wenyewe ni mmoja, unahudumia kuanzia mtoni hadi kiwanda cha kuku, nusu ya ng'ombe wa Kaunti ya Tolliver wanalala chini yake. Lakini kwenye ramani ya kampuni palichorwa nukta nyekundu, ndogo kama kichwa cha pini, barabarani hasa. Simu yenyewe, ya Kendrell, ilikuwa maili nne kutoka hapo, mfukoni mwake, kwenye duka la mashine za kufulia, inasubiri soksi zikauke. Ila nukta haina mfuko wala soksi. Na gari la familia lilikuwa limebonyea mbele, kwa kosa la pipa la taka.

Simu zote tatu za nyumbani ziliandikishwa kwa jina la Bibi, maana kampuni hupunguza bei kwa familia. Kwa hiyo polisi walipobisha hodi na karatasi yao, waliuliza kitu kimoja tu: namba hii anatembea nayo nani? Jibu lilikuwa fupi, lilitoka upesi, na ndilo lililowafikisha kwenye skrini hii.

"Bibi, silali," alisema Kendrell. "Nataka nimwambie mpelelezi ukweli."

Bibi Ozella aligusa maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya picha: mazungumzo haya yanarekodiwa.

"Waliuliza mara moja, wakajibiwa, wakaandika. Jibu moja linatosha."

"Wameandika uongo."

"Basi wameandika. Una miaka kumi na tisa, wa mtaa wetu, na sura hiyo ya kunyolewa na kijiko. Ukiwapelekea ukweli, unadhani watafuta uongo ili wapate pa kuuweka? Watachukua vyote viwili."

Nyuma ya Kendrell alipita askari na kikombe cha kahawa, hana haraka. Kijana akamsubiri aondoke. Alijifuta uso kwa mkono wa fulana.

"Siwezi kuendelea hivi. Kila siku naamka najiona mwizi."

"Utazoea. Mimi niliolewa na babu yako, nikazoea. Niahidi, Kendrell."

"Bibi..."

"Neno dogo tu. Ndiyo."

Kijana alivuta pumzi. Midomo ikaanza kuchezacheza, na Bibi Ozella akasogea mpaka paji la uso likagusa skrini.

Picha ikawa nyeusi. Pakatokea nyota tano za manjano na ombi la heshima: tafadhali tujulishe umeridhika kiasi gani na mawasiliano ya leo.

Alibonyeza nyota. Alibonyeza weusi. Alibonyeza ukuta ulipokuwa dirisha. Mlango ukafunguliwa nyuma yake, askari Pruitt akaingia, mama mnene asiyependa kugombana na mtu.

"Twende, Bi. Ozella. Kuna foleni."

"Hajanijibu."

"Nimemwona kwenye kamera sasa hivi. Yuko mapokezi, anaulizia ofisi ya mpelelezi ni mlango upi."

Bibi Ozella alishika ukingo wa meza. "Mkimbilie, mwanangu. Mwambie bibi yake anasema arudi nyumbani. Maneno hayo tu."

"Siruhusiwi kubeba ujumbe, mama, ndiyo maana wametuletea skrini. Weka nafasi ya Jumamosi ijayo." Pruitt alichomoa pingu kiunoni, taratibu, kama anayeona aibu. "Sasa geuka, mikono nyuma, nikurudishe selo."