Kadi ya Kuzibia Mdomo

Mtaalamu wa masikio aliziba mdomo wake kwa kadi nyeusi, na mtoto naye akaziba wake kwa kiganja. Mtaalamu akatikisa kichwa, akaandika.

Mama aliyaona yote kupitia kioo. Kusikia hakusikia kitu, maana chumba kile cha vipimo kilijengwa kisipitishe hata chafya. Binti yake, mwenye vifaa vipya vya kusikia masikioni, alikuwa akijificha nyuma ya kiganja kila alipoulizwa kwa kadi. Nyumbani wanamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi. Leo, siku ya kurudia maneno tu ili abaki shule moja na kaka zake, Kasuku ameamua kuwa na haya.

"Sema, mwanangu," mama alinong'ona, kioo kikaingia ukungu.

Mtaalamu hakuwa mtu wa mchezo. Vyeti vyake viliujaza ukuta hadi saa ikahamia juu ya kabati. Asubuhi mama alimsalimia huku amemwinamia mtoto akimfunga kiatu, asijibiwe. Alipoinuka na kurudia salamu, alipewa somo: "Mama, ukizungumza na mimi nitazame usoni. Adabu haigharimu kitu." Mama akaomba radhi. Simu ya mezani nayo iliita mpaka ikachoka. Wakubwa hawakimbilii simu. Katibu ndiye aliyeingia, akamgusa bega taratibu, kama anayemwamsha mfalme.

Sasa mlango wa chumba cha vipimo ulifunguliwa.

"Kaa, mama," mtaalamu alisema, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. "Nisipoziba mdomo, mtoto anapata yote. Nikiziba, sifuri. Unajua maana yake?"

"Sijui, mtaalamu."

"Huyu hasikii. Anasoma midomo. Wajanja sana hawa! Mzazi wanaweza kumdanganya miaka na miaka. Mimi hawanipati."

"Lakini nikimwita akiwa chumba cha pili, anaitika."

"Hayo ni mapenzi ya mama." Akagonga muhuri. "Shule ya mtaani haimfai. Muhula ujao ataenda bweni, shule maalumu. Ni safari ya siku nzima, lakini utazoea."

Yeye, bila shaka, alikuwa ameshazoea kuwapeleka watoto wa wenzake.

Mama alipokea ripoti kwa mikono miwili, kama alivyolelewa, akatoka na mtoto. Walipofika kwenye meza ya katibu, akamgeukia binti yake. Akachuchumaa.

"Kwa nini hukujibu, mwanangu? Maneno mepesi vile!"

"Nimejibu yote! Kiti, ndizi, paka, mpira, mlango..." Kasuku alihesabu kwa vidole, amenuna. "Yeye akisema kwa kadi, mimi nasema kwa mkono. Si ndiyo mchezo wenyewe? Halafu eti sijasema kitu. Mwongo yule babu!"

"Bado anastahili shikamoo yako, usimtukane," mama alisema, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye adabu. Aliitazama ripoti. Akautazama mlango.

Akarudi ndani, mlango akauacha wazi, akasimama mbele ya meza ya mtaalamu. Akainua ripoti hadi chini ya macho, kama mtu anayeisoma vizuri.

"Mtaalamu," alisema kwa sauti safi, "gari lako linaungua moto hapo nje."

Katibu aliruka kitini, akatoka mbio na ndoo ya kudekia.

Mtaalamu alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Karibu tena, mama. Safari njema."