Sonara Asiyetajwa

Nirakar alitema chai mferejini. Chai haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye simu yake, katika kamusi elezo huru ya Kiodia, lugha ya kwao mashariki mwa India, ile inayoandikwa mtandaoni na watu wa kujitolea kama yeye, bila malipo wala asante.

"Kafanya tena, mshenzi huyu!"

Nirakar alikuwa msimamizi wa kamusi hiyo, na tumbo lake lilishazoea uchafu. Kila asubuhi alifagia: mwanasiasa aliyejimwagia sifa, duka lililojitangaza, makala zilizotafsiriwa na mashine mpaka ng'ombe akawa anataga. Hivyo vilimtia kichefuchefu cha kawaida tu. Huyu aliyejiita Malli alimkirihi kuliko wote, kwa sababu Malli aliandika vizuri.

Kabla hajasema zaidi, mtu wa kamati ya sikukuu ya Durga alisimama kibarazani.

"Shikamoo, mama. Mwaka huu tunamtangaza kwa kipaza sauti fundi aliyesuka taji la mungu mama. Tuseme jina gani?"

Mama yake Nirakar, aliyekuwa akimenya viazi, alivuta upindo wa sari kichwani. "Mwanawe huyo hapo. Muulize."

"Ama nyie akina mama wa Cuttack, jina la mume halitoki mdomoni! Sasa mzee ulikuwa unamwitaje miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa namwita 'Hebu sikia.' Na alikuwa anasikia."

Mtu wa kamati alicheka. Nirakar hakucheka. "Kulamani," alisema kwa sauti kubwa, ili duka la mkabala lisikie. Sonara haweki jina lake kwenye kitu cha mungu. Asipoandikwa kwingine amepotea, na baba yake alishakuwa majivu tangu mwaka juzi.

"Mwanangu," mama alisema mgeni alipoondoka, "hasira zikipoa, kuna kitu nataka uniandikie kwenye simu yangu."

"Baadaye, Mama." Siku hizi mama alikuwa kwenye simu kutwa, mara aulize herufi hii inaungana vipi na ile; bila shaka ni umbea na binti yake aliyeolewa mji wa Surat.

Alirudi kwenye ukurasa wa Malli. Ulihusu masonara wa Cuttack wanaosuka nyuzi za fedha nyembamba kama unywele. Kila kitu kilikuwemo: mrija wa kupulizia moto, makaa, hata jinsi fundi anavyobana kikohozi ili nyuzi zisiruke. Wakubwa wote wa kichochoro walitajwa, mbele kabisa mzee Bhramarbar wa mkabala. Kulamani peke yake hakutajwa.

Jana Nirakar aliongeza sentensi kwamba taji la Durga lilisukwa na Kulamani na kung'arishwa kwa ndimu. Malli aliifuta, akaandika yake: "Taji lilisukwa na sonara mmoja wa kichochoro hiki. Aliling'arisha kwa ukwaju, si ndimu, na kazi hiyo ilimla macho."

Sonara mmoja! Na upofu wa mzee wa watu umeanikwa hadharani! Nirakar alikuwa amemuuliza huyo Malli, kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa nini hamtaji. Jibu lilikuwepo: "Jina hilo halitoki mkononi mwangu. Wapo wa kuliandika."

Halitoki mkononi mwake, kana kwamba ni kinyesi. Nirakar aliitia simu mfukoni. Akavuka kichochoro.

Tukuna, mwana wa Bhramarbar, alikuwa akila dahibara zake, bagia zinazoogelea kwenye mtindi, na mtindi ulimchuruzika kidevuni. Leo hata hilo lilimchefua Nirakar.

"Malli!"

"Ndiyo nani? Shemeji mpya?"

"Usijitie wazimu. Baba yako umemweka mbele, wangu umemfanya 'sonara mmoja'!"

"Kaka Nira, mimi Kiodia chenyewe nakiandika kwa herufi za Kiingereza, tena kwa makosa. Siku nikiandika ukurasa mzima, mama atavunja nazi hekaluni kushukuru."

"Mnanuka wivu, ukoo mzima."

"Nenda kaoge, kaka. Simu imekupanda kichwani." Tukuna alilamba vidole kimoja kimoja.

Nirakar alirudi nyumbani, akapanda darini na kumfungia Malli milele, asiandike tena kwenye kamusi. Hakuridhika. Alifungua kurasa nyingine za mtu huyo: nyimbo za kubembelezea watoto, namna ya kukausha samaki wa mtoni, pambo gani bibi harusi huvaa mguu upi. Kamusi haikuwa na vitu hivyo kabla, na kwa siku nyingine angevishangilia. Leo kila mstari aliuona umeshikwa na mkono ule ule uliomkinai baba yake. Akafuta yote, na pale panapodaiwa sababu akaandika neno moja: Uchafu.

Kisha alishuka, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akaketi mbele ya sahani yake ya wali wa maji. Sasa aliweza kula.

Mama alitoka jikoni. Vidole vyake vilikuwa vya manjano kwa bizari, kwa hiyo simu aliishika kwa ncha za kucha.

"Mwanangu, hebu niangalizie. Kazi yangu yote imetoweka, limebaki neno moja tu hapa, 'uchafu'," alisema. "Na mimi nilikuwa nakungoja wewe tu, uniandikie jina la baba yako."