Kiti cha Karibu na Mlango

Ilibaki pointi moja tu binti atolewe kwenye mashindano ya tenisi. Zamu ya kuanzisha ilikuwa yake, lakini mpira hakuupiga.

Aliudundisha, akaushika, akakitazama kiti cha plastiki karibu na mlango. Kilikuwa kitupu.

Bi Glenys, mstaafu wa posta, alikuwa amehamia kando ya hita, maana baridi ya Sunderland ilikuwa imemwingia magotini. Huu ulikuwa mwaka wa tatu akiwafuata vijana wa Uingereza kwenye mashindano madogo yenye watazamaji wa kuhesabika, na binti huyu, aliyeorodheshwa wa mia sita na ushei duniani, hakumkosea mechi yake hata moja. Hawakuwahi kusemezana.

"Bibi wa chupa ya chai!" binti aliita. "Umenihama?"

Watu wakacheka. Bi Glenys akajishika kifua. "Mimi?"

"Nani mwingine? Siku zote unakaa pale. Rudi, bibi yangu, nakuomba!"

"Muda!" mwamuzi akafoka. "Hilo ni onyo."

"Haya, nimelipokea. Mwache kwanza akae."

Bi Glenys akajikongoja, chupa kwapani, machozi yakimlengalenga. Miaka mitatu alidhani haonekani.

Akaketi. Plastiki ilikuwa baridi kama barafu, naye hakujali. Akamimina chai, kisha akachomoa kikombe cha pili cha chupa, ambacho hakikuwahi kutumika, akakifuta kwa leso na kukiweka kando yake.

Binti akakiona. Akarusha mpira juu.