Ziwa Lapiga Hodi

Ziwa lilipopewa sauti na haki ya kudai ufuko wake wa zamani, liliwekewa sharti moja tu: lisiingie nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Waliotunga sheria hiyo hawakuwajua watu wa Kasalu. Mababu zao walifika wakikimbia njaa, wakapokelewa bila kuulizwa ukoo. Tangu hapo, hodi ya Kasalu haikosi karibu. Nyumba za bondeni zilikwisha kwenda na maji, moja moja, kwa adabu zote.

Nyanjige alikuwa uani akianika dagaa aliposikia sauti ya upole mlangoni.

"Hodi, wenyewe mpo?"

Akatupa ungo, akakimbilia ndani. "Mama, usijibu!"

"Nisimjibu mgeni? Nani kakulea wewe?" mama mkwe wake akamkemea, huku akisogeza kigoda. "Karibu, mwanangu, pita ndani."

Chini ya kigoda, mkeka ukaanza kulowa.