Firigisi ya Krismasi

Kwetu ziwani firigisi ya kuku huliwa na mwenye mji. Baba alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo kaka yangu Okeyo, aliyefika jana yake kutoka Dar kula Krismasi, alisogeza sahani yake kabla mama hajafunua sufuria.

Mama aliitafuta firigisi mchuzini bila haraka. Akaipitisha juu ya sahani ya Okeyo, ikadondosha tone moja la mafuta, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mama, huyo ni mwanamke," Okeyo alisema.

"Ndiye aliyemwogesha baba yako miezi minane. Wewe ulituma rambirambi kwa simu."

Sikuwa nimewahi kuionja. Ilikuwa ngumu. Niliitafuna polepole, nikimtazama Okeyo.

Mama akamchagulia paja nono, lile wanalopewa wageni.

"Kula, mwanangu. Basi lako linaondoka Mwanza saa ngapi?"