Chetezo Chini ya Sanduku

Ilikuwa siku ya tatu tangu nyoka aletwe nyumbani, na bado hajatulia. Alikuwa jike mchanga, mwekundu wa madoa, asiye na sumu, na tangu alfajiri alikuwa akisugua pua kwenye kioo cha sanduku lake mpaka ikachubuka.

"Anataka dume," alisema Shahali, gunia mkononi. "Jike akianza kuhangaika, mama, ndiyo hayo. Namtia humu nikamtupe jalalani kabla hajatoroka."

Bi Ruzuna, mama mkwe wake, alimtazama kama atazamavyo wali ulioungua. Mwanamume mzima! Kila jike akihangaika, basi ni dume.

"Na hicho?" aliuliza.

Chini ya sanduku chetezo kilikuwa kikifuka udi, moshi ukipanda moja kwa moja kwenye matundu ya hewa ya sanduku.

"Namkaribisha, kama bibi harusi. Asubuhi na jioni."

"Nyoka hunusa kwa ulimi, baba. Umemjaza moshi mdomoni, halafu wamshangaa akitafuta mlango? Hata kuku angeelewa."

Alikibeba chetezo akakipeleka uani, akafungua madirisha, akaketi kungoja. Hewa ilipokuwa safi, nyoka aliacha kioo. Bi Ruzuna akafunua kifuniko, naye akampanda mkono polepole, akajilaza kwenye kiwiko.

Shahali akanyoosha mkono ampokee.

"Kanawe kwanza. Wanuka harusi."

Uani, maji ya bomba yalimwagika muda mrefu. Nyoka aliinua kichwa kuelekea mlangoni, ulimi ukitoka na kuingia.